Kipepeo Nyuma ya Kibanda cha Viazi

Mji wa Kale, Mombasa
Jumatano

Kwa dada yangu Mama Wekesa,

Salamu zangu zikukute huko Kimilili ukiwa mzima wa mwili na wa moyo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko? Wekesa na wanawe hawajambo? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mvua imenyesha wiki nzima na joto limepungua kidogo.

Rambirambi zako zilinifika. Siku uliyopiga simu nilikusikia ukilia, nami nikawa nakwambia ahsante, ahsante, kama mtu aliyeletewa mkate. Usinione nina moyo mgumu. Ndivyo nilivyo tangu mume wangu Taher alipoanguka dukani akaletwa nyumbani amefunikwa. Nakula nikipewa, nalala nikiambiwa nilale. Wageni wananitazama usoni wakitafuta machozi, nami nawaonea haya kwa kuwa sina cha kuwapa.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba imejaa watu na kila nikiishika simu kuna sikio pembeni. Barua hii nampa mpwa wako Everlyne, anayepanda basi Mwembe Tayari kesho. Ndani ya bahasha mna kadi ya kamera, nimeizungushia pamba.

Mama Wekesa, nimemwona. Yule chui wa msituni. Wakumbuka miaka yote tuliyozunguka Mbaraki na kamera zetu kila Jumapili, tukiwafukuza chui wa kawaida, wale vipepeo wa rangi ya chungwa wenye madoa meusi, halafu tukitazama chini ya bawa tunakuta lile doa la pembeni linalotwambia kwamba si yeye? Mwishowe ulisema kisiwani hapa hayupo tena, miti yake imekwisha. Basi alikuja mwenyewe nyuma ya nyumba yangu.

Chumba ninachokalia eda dirisha lake linatazama lile gofu la nyumba iliyoanguka. Kwa mvua hii magugu yamefika kiunoni. Juzi asubuhi nilikuwa nimekaa pale, sifikirii kitu, nikaona rangi ya chungwa ikipita chini chini. Wale wa kawaida hupenda jua. Huyu alikuwa akilikwepa, anafuata kivuli cha ukuta. Nikatoa kamera kabatini, lakini kutoka dirishani picha ilikuja kama tone la chai tu.

Wewe si wa dini yetu, lakini umeishi nasi vya kutosha kujua kwamba mjane wa eda hatoki nje ila kwa dharura, wala wanaume wa nje hawamwoni. Sikusahau. Nilijua vizuri kabisa, na kujua kwenyewe hakukunizuia. Nikavaa rida yangu, vazi letu la kujifunika, nikateremka ngazi ya nyuma. Hussaina, mke wa mwanangu Mufaddal, alikuwa chini akiosha mchele. Akaniuliza, "Mama, waenda wapi?" Nikamjibu hapo tu. Akanitazama, akaitazama kamera, akasogeza sufuria nipite.

Kwenye gofu hakutua. Aliruka juu ya ukuta akaingia uchochoroni, nami nikamfuata, nikapita milango ya watu wanaonijua, mpaka tukatokezea upande wa Makadara. Hapo kuna kibanda cha viazi karai, na nyuma yake, maji machafu yanapomwagwa, kumeota kichaka chenye maua madogo ya manjano. Ndipo alipotua. Lakini alitua amefungua mabawa, na wajua kwamba picha hiyo haithibitishi kitu. Nikachuchumaa kwenye matope nikisubiri ayafunge.

Mwenye kibanda, kijana wa bara, akaniona. Akauliza kwa wasiwasi, "Mama, wewe ni wa kanjo?" Alidhani nimetumwa na baraza la mji, napiga picha ya uchafu wake nimpeleke mahakamani. Nikamwambia napiga picha ya kipepeo. Akachungulia, akamwona, akashusha bakuli la viazi alilokuwa karibu kulimimina kwenye mafuta, asije akamshtua. Akasimama hivyo hivyo, hata wateja walipomwita aliwaonyesha mkono wangoje.

Tuktuk ilipiga honi barabarani, na kipepeo akafunga mabawa. Nikapiga. Nikapiga tena na tena. Kisha akainuka, akapita juu ya mabati, akaenda zake. Kijana akaniuliza ni wa bei gani yule, nikamwambia hauzwi, akacheka, akamimina viazi vyake.

Sasa nakwambia jambo ambalo humu nyumbani hakuna anayelitaja. Nilirudi kwa mlango wa mbele. Nilipanda ngazi nikiita, tena kwa sauti kubwa, "Taher! Taher, njoo uone, nimempata!" Nikaita mpaka nikafika juu. Dada yake alikuwa akisoma Kurani pamoja na jirani yetu, wakainua macho. Mufaddal akatokea mlangoni. Mimi bado nilikuwa nimeinyoosha kamera mbele, namtafuta babake nyuma ya bega lake.

Tangu yale mabawa yalipofungwa mpaka nilipouona uso wa mwanangu, Mama Wekesa, Taher alikuwa hai. Sikumkumbuka wala sikumwota. Alikuwa hai tu, yumo ndani, atatafuta miwani yake aseme vipepeo wetu wote ni mmoja tu anayebadilisha nguo. Kisha akafa tena, mbele ya watu, mimi nimesimama nikiwa na matope magotini.

Hata hapo sikulia. Nilikaa chini. Hussaina akanivua rida akaenda kuifua. Wifi yangu akarudi kusoma, polepole, kutoka mwanzo wa sura.

Jioni Mufaddal alikuja kukaa nami. Hakunigombeza, alinishika mkono. Akasema watu wamesikitika, wanaelewa, na walioniona uchochoroni ni wachache. Ila akaniomba nizifute zile picha, kwa sababu kundi letu la wapiga picha wa vipepeo huandika siku na mahali pa kila picha, na kila mtu anajua babake alikufa lini. Nikamwambia sawa. Siku hizi najibu sawa kwa kila kitu. Alipotoka nikaitoa kadi.

Picha ya tatu ndiyo nzuri. Ikuze utazame pembeni ya bawa la mbele, doa halipo. Ukiridhika, nipelekee kwenye kundi. Wasiseme ilipigwa kabla ya msiba, wala usiweke jina lako. Andika Jumatatu, andika Makadara, andika jina langu, Amtulla Taher. Mufaddal nitamwambia mwenyewe kesho, akishakula.

Nisalimie Wekesa na mkewe, na wajukuu wote wapige busu kwa niaba yangu. Hussaina anakusalimu sana. Magoti yakikuruhusu, eda ikiisha, njoo. Sina hakika nitakuwa mwenyeji mzuri, lakini kitanda kipo.

Wako,
Mama Mufaddal