Tirisha

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Imefika! Flash yenye filamu yetu imeshuka na basi la Dar, imeviringishwa makaratasi kama yai. Nasema "yetu" — mimi sikucheza humo hata kama mti. Aliyecheza ni mke wangu, Isabela, mwaka themanini na tisa, akiwa binti wa Newala: yule anayepanda mteremko na ndoo kichwani huku anaimba, mpaka bwana maji anasahau pampu yake. "Ndoo ya Kwanza". Huku kwetu nani hajaiona? Sasa wataalamu wameisafisha, picha na sauti, na Jumamosi ya tarehe kumi na sita wataionyesha ukumbini Newala. Mgeni wa heshima ni Mama Huruma mwenyewe, yaani Isabela wangu.

Mwenyewe kaenda kupuliza salfa kwenye mikorosho. Nikasema nionje kidogo peke yangu.

Sijapenda. Hapana — nimependa, ila sijaamini. Kanda tuliyoizoea ilikuwa na mvua juu ya picha, na sauti yake kama vitumbua vinakaangwa. Hii haina hata punje. Newala ya kiangazi bila vumbi! Kitenge nilichokijua cha kijivu kumbe chekundu. Na ndoo je? Miaka yote tumemhurumia yule binti, shingo ile, jua lile. Ndoo haina maji. Inaonekana kabisa. Inamchezacheza kichwani kama kofia ya kuazima.

Wamesafisha, au wametengeneza nyingine?

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya ibada Mama Huruma alibaki kwenye kikao cha akina mama. Nikawahi nyumbani kusikiliza wimbo.

Wimbo huo ndio ulionioza. Nilikuwa chuo cha ualimu, nikaiona filamu kwenye banda la video. Sura haikuonekana vizuri, ilikuwa kama uji. Sauti ndiyo iliyonikamata. Likizo nikapanda Newala kuitafuta, nikaikuta ina mwenyewe, na mwenyewe ana meno mazuri. Hajawahi kuniimbia. Alisema aliumwa sana mwaka mmoja, sauti ikakatika. Nikakubali, kama mtu anavyokubali kwamba betri zimekwisha. Kwenye kwaya yeye hupiga kayamba.

Leo nimeusikia bila vitumbua. "Nifungulie dirisha, mama, nilione bonde." Ila hasemi dirisha. Nikarudisha. Tirisha. Nikarudisha tena. Tirisha — na ponte.

Mke wangu Mmakonde. Atakwambia "ntu" na "ntoto" kutwa nzima, lakini d yake ni ya chuma. T ile ni ya kwetu Wamakua. Naijua kama naijua pua yangu. Darasa la tatu nilisoma "gari la baba" likawa "kari la papa" mbele ya mkaguzi, nikachapwa, na hadi leo nikichoka inarudi, wanafunzi wangu wanainamia madaftari wasionekane wanacheka.

Kwa hiyo hawa watu wa Dar wamebandika sauti nyingine. Kompyuta siku hizi zinaimba.

Lakini kompyuta gani ya Kimakua?

Jumatatu, 4 Agosti

Nimempigia Witness, dada anayesimamia kazi hiyo ya kusafisha. Nikazunguka mbuyu wangu mrefu, kisha nikauliza kama wameongeza chochote. Akasema hawakuongeza kitu, wametoa tu: mikwaruzo, mvumo, madoa. Nikasema labda mmetoa na kile ambacho hakikutakiwa kutoka. Kitu gani, mwalimu? Nikasema vumbi.

Akaniambia siri. Siku ya onyesho, ukifika wimbo, watazima sauti ya filamu na Mama Huruma atapewa maikrofoni aimbe mwenyewe, juu ya uso wake mwenyewe. Hajui. Nisimwambie, iwe sapraizi.

Nikasema haya, nikakata simu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwekea Mama Huruma filamu. Alikaa na sinia lake la mchele anachambua. Ilipofika ndoo alicheka mwenyewe — maji yangemwagikia kamera, anasema, ndio maana walimpa tupu. Ulipoanza wimbo akainuka: maharage yanaungua.

Hatukuwa na maharage jikoni.

Nikabaki na uso wake kwenye runinga. Zamani ulikuwa uji, sasa naona hadi kidonda cha mbu shavuni. Na mdomo unachelewa. Kidogo tu — kama mtu asiyejua sala anayedaka "amina" kwa wenzake.

Tangu hapo nimekuwa mpelelezi ndani ya nyumba yangu. Jioni nilisimama nje ya bafu nisikie kama anaimba. Akatoka na taulo, akanikuta, akauliza kama nasubiri ndoo. Nikasema ndiyo. Ikabidi nioge mara ya pili.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, shule zimefungwa. Nimechukua bodaboda mpaka Lisekese kwa Dominika.

Dominika ni shoga yake Isabela tangu filamu ile. Picha zilipigwa Newala, wimbo ukarekodiwa huku Masasi na kwaya ya kanisa, ndipo walipokutana. Mmakua mwenzangu. Anaongoza kwaya ya kwao huko huko Lisekese, kwa hiyo mimi simsikii akiimba. Sikuwahi kuona kasoro yoyote katika hilo.

Nilimkuta anamenya mihogo ya kuanika makopa. Nikaanzia mbali: mihogo, mikorosho, mbuzi wa jirani. Kisha nikauliza, kama mtu asiye na haja, hivi Mama Huruma alifundishwa kuimba na nani.

Kisu hakikusimama. "Shemeji, hebu sema dirisha."

Nikasema dirisha, taratibu, kwa kujihadhari.

"Sema upesi, kama umemkasirikia mtu."

Nikasema upesi. Ikatoka tirisha.

"Basi labda uliimba wewe," akasema, na hapo kisu akakiweka chini, akacheka mpaka mbuzi wakasogea.

Sikupata neno zaidi. Ila wakati ananisindikiza, kicheko kimeisha, aliuliza kama ukumbi wa Newala utajaa. Nikasema utajaa.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefanya ujinga. Jana nilimpigia Witness nikamwambia Mama Huruma ana mafua mabaya, hata kuongea hawezi, wimbo wauache kama ulivyo. Leo Witness kampigia mgonjwa kumpa pole, na katika pole hizo sapraizi yote ikatoka.

Isabela alinikuta barazani nasahihisha mitihani. Akakaa. Akauliza kwa nini nimemgeuza mgonjwa. Nikasema huko Newala kuna baridi, nilikuwa najihami mapema.

"Umesikia nini kwenye ile filamu, Baba Huruma?"

"Nimesikia vizuri tu. Wameisafisha."

"Na kabla hawajaisafisha ulikuwa unasikia nini?"

Nikautia mtihani mmoja vema mara mbili. Newala ni kwao, kila aliye hai huko anamwita Ndoo, hata msibani wanampisha kiti kwa ajili ya wimbo ule. Nikataka kumwambia asipande jukwaani. Nikataka pia — aibu yangu — apande, nijue sauti ile ni ya nani. Nikamwambia chai itapoa.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetoka shule, Isabela hayupo. Alikwenda Lisekese. Alipofika alisema makopa ya Dominika yamekauka vizuri. Basi. Wanawake wawili, na mimi nimeambiwa habari za makopa!

Jumamosi, 16 Agosti. Newala

Naandikia magotini, ukumbini. Hotuba zimekuwa ndefu. Mzee wa pembeni yangu, Mzee Bwanali, ameuliza kama mimi ni mwandishi wa habari. Nikasema ni mwalimu, Mmakua wa Masasi. Akasema kwa utani ahaa, basi ndiyo kwanza najifunza kuandika.

Isabela yuko mbele. Dominika kakaa kando yake, kitenge sare. Hawajageuka hata mara moja.

Filamu imeanza. Ndoo imewachekesha kweli. Newala inajua ndoo yenye maji ilivyo. Kisha mtu mmoja mmoja anataja majina ya waliomo. Mzee Bwanali kanishika mkono: yule mwenye baiskeli ni marehemu kaka yake. Kwenye kanda alikuwa kivuli tu. Sasa anamwona uso. Analia bila kujificha, na mimi niliyekuwa nawalaumu waliosafisha nampa leso yangu.

Mteremko. Wimbo unakuja.

Wamezima sauti. Mdomo wa mke wangu ukutani, mkubwa kama mlango, unafunguka na kufunga bila kitu. Witness anaita jina lake. Ukumbi unaitikia Ndoo, Ndoo, wanapiga meza.

Amesimama. Amemshika Dominika mkono. Dominika anatikisa kichwa, anavutwa, anasimama naye. Wanapanda ngazi wote wawili. Mzee Bwanali anafuta macho, anauliza yule mwingine ni nani.

Nimemwambia ni Mmakua mwenzangu. Kasema hilo amelisikia, yeye kauliza ni nani.

Wamefika jukwaani. Kelele zimekatika. Maikrofoni ni moja. Witness ameinyoosha katikati yao, anatabasamu, na hakuna anayeipokea.