Hadithi Uliyompa Salome

Louisville, Kentucky
Oktoba 2015

Mama yangu mpenzi,

Amani ya Bwana ikukute hapo mjini Baraka ukiwa mzima. Goti linaendeleaje? Na mvua, imeshaanza au bado mnaitazama mawinguni tu? Sisi hatujambo. Tunakaa palepale Highview, napanda basi kwenda ghalani kufunga maboksi, na watoto nawasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza.

Mama, nina neno, na sitalizungusha. Namwonea wivu mdogo wangu.

Unajua Salome huko Buffalo anatunza wazee, na Wazungu wa kanisa letu la Marafiki, ambao huku huitwa Quaker, wanampenda kupita kiasi. Mwezi uliopita walikutana Columbus, wakamwalika awaeleze jinsi imani yetu ilivyozaliwa na kukua. Wakamwalika yeye, si mimi mkubwa! Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda. Kusema kweli nilitaka kuona atakosea wapi.

Hakukosea. Alianzia Uingereza ya zamani, kwa yule kijana aliyejifunza kushona viatu, aliyesema kila mtu ana nuru ya Mungu ndani yake na hahitaji padri wa kumwashia. Akaeleza wafuasi wake walivyofungwa kwa kukataa kuapa, walivyovuka bahari kuja huku Marekani, kisha watu wa huku wakaipeleka imani Kenya na Burundi, nayo ikavuka Ziwa Tanganyika hadi kwetu. Hayo nayajua. Lakini akasema, "Nyumbani kwetu iliingia na mama yangu."

Akasimulia kwamba ulipokuwa msichana ulikwenda Burundi na shangazi yako kuuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, mkalala kwa mama mmoja wa Marafiki, ukarudi na imani yake. Kwamba mbuzi wa babu alipoibwa watoto wote waliapa kwamba hawakumwiba, ila wewe ukakataa kuapa, ukasema ndiyo yako ni ndiyo na inatosha. Babu akakuona ndiwe mwizi, akakufukuza, ukalala siku tatu jikoni kwa bibi yako. Watu walilia. Mimi nilipiga makofi huku roho inaniuma. Miaka yote hii mimi ni mwanao, halafu hadithi yako naisikia ukumbini pamoja na wageni!

Basi Jumapili yake, hukohuko Columbus kwenye ibada yao, nikasema leo watanijua. Nikavaa kitenge kipya, nikaandaa wimbo na mahubiri, nikakaa mbele kabisa nikingoja kuitwa. Mama, hawaimbi! Hakuna pasta, hakuna ngoma kama kwetu, wanakaa kimya tu. Nikangoja mtu wa protokole anayepokea wageni asimame atangaze mgeni kutoka Louisville. Saa nzima nameza mate. Halafu mzee mmoja akampa jirani yake mkono, wote wakapeana mikono, kumbe ibada imekwisha.

Nilimvamia Salome palepale nje.

"Uliwakataza wasiniite!"

"Eh, Yaya, dada yangu mukubwa! Huku hakuna mutu anaitwaka. Roho akikusukuma, unasimama wewe mwenyewe. Bon, mbona haukusimama?"

"Nisimame bila kuitwa? Miye mugeni?"

Akacheka mpaka akaegemea gari. Ndipo nikamwuliza lililokuwa likiniuma hasa: "Mama alikuambia lini ile mambo?"

Kicheko kikakatika. "Kule kambini, Yaya. Tulikuwa tunachambua maharagi. Wewe ulikuwaka kwenye mustari ya maji."

Ni kweli, Mama. Miaka ile ya ukimbizi, kabla wewe hujarudi Baraka, kila asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya maji kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Mimi nilileta maji, yeye akabaki na hadithi. Ningependa kuandika kwamba sina hasira na wewe, lakini umetulea tusiseme uongo. Ninayo kidogo.

Ombi langu ni moja. Pasta wenu ana simu inayorekodi sauti. Mwombe akurekodi ukinisimulia jambo moja ambalo hujamwambia Salome, kisha anitumie. Hata liwe dogo, hata liwe la aibu. Yeye usimpelekee. Usifanye haraka, kungoja kimya nimekwisha kujifunza.

Nisalimie mjomba mshona nyavu, na shangazi anayekukanda goti. Na yule binti wa jirani anayekuchotea maji siku hizi, msalimie sana. Akitua ndoo, mwambie akae, umsimulie kitu.

Mwanao wa kwanza kuzaliwa (nakukumbusha tu),
Mapendo