Pudina ya Rokeya

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zikufikie huko Tanga, wewe na mama yako. Hapa Fordsburg sote wazima. Babu yako amepata miwani mipya, sasa anasoma mpaka maandishi ya kwenye sabuni.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza urafiki wangu na Rokeya, Mbengali, ulianzaje wakati hatukuwa na lugha moja.

Nilikuwa kijana, mgeni hapa, nimembeba tumboni mjomba wako Salim. Kila nilichokula kilirudi. Nikakonda, nikaanza kumwogopea mtoto. Rokeya, jirani yetu, alinisikia nikitapika, akabisha hodi na bilauri ya maji ya kijani: pudina iliyotwangwa, ndimu, na chumvi nyeusi inayonuka kama yai. Eish! Niligeuza uso.

Hakukasirika. Alikunywa nusu mbele yangu, akajipapasa tumbo, akatabasamu.

"Pudina," akasema.

"Hata kwetu ni pudina!" nikamjibu, tukacheka.

Nikanywa kidogo kidogo. Tumbo likatulia. Dawa hiyo nimewatengenezea wengi tangu siku ile, lakini hofu yangu iliondolewa na ile nusu aliyotangulia kuinywa yeye.

Kisha njaa ikanishika. Babu yako aliporudi kutoka kazini alitukuta tumeketi chini, tunamalizia sufuriani wali niliompikia yeye. Alifurahi hata akasahau kuvua viatu.

"Kula, mke wangu," akasema. "Mimi nitanunua mkate."

Nakukumbatia kwa mikono miwili,
Bibi yako