Kizibo Kilichomponyoka Antena

Weee, acha kila kitu usome. Antena, bosi wetu wa kompyuta hapa hospitalini, leo kaumbuka mbele ya ofisi nzima 😂

Alikuwa anaunganisha kabati jipya la diski za kutunzia faili na lile la zamani, makabati yote mawili yatumie njia moja ya waya. Kuwasha tu, diski hazionekani kwenye kompyuta. ZOTE! Matroni kasimama mlangoni: "Faili za wagonjwa wangu ziko wapi?"

Antena akampigia aliyetuuzia kabati, akaweka spika tusikie wote. "Umeniuzia bomu!"

Yule kaka akauliza taratibu, "Mwisho wa waya umeuziba kwa kizibo chake? Usipouziba, mawimbi yanarudi nyuma na kuvurugana."

"Unanifundisha kazi? MIMI?"

Jasho linamtiririka. Akachomoa leso mfukoni ajifute, kitu kikaanguka sakafuni, tling!

Nikakiokota, shoga yangu: "Mbona hiki ni kizibo?"

Simu ikasema, "Bosi, hicho kilichoanguka ndicho chenyewe."

Kumbe alikitoa kwenye kabati la zamani apate pa kuchomeka waya, akakisahau! Akazima, akakichomeka mwisho wa kabati jipya, akawasha. Diski zote hizo hapo.

Matroni akashusha pumzi, akampita Antena kama hamwoni, akainamia simu: "Asante sana, fundi."