Kava la Pikapu na Kabati la Mama

Kwa kaka yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na wanangu watatu. Natumaini goti la wifi limepoa na yule wa mwisho ameacha kukohoa. Mimi mwili haujambo. Mayai yanatoka, wateja hawajanikimbia, na mgongo unauma palepale pa siku zote. Usishangae nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kwa kunihurumia, nami ningepata pa kujificha.

Unaikumbuka pikapu yangu kabla sijaiwekea kava. Nilipoinunua nilidhani nimenunua gari la kupelekea mayai madukani, kumbe nimenunua gari la ukoo. Miaka tisa nimehamisha nyumba kumi na nne, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Binamu akioa, gari. Baba mdogo akipata saruji, gari. Mtu anapiga simu alfajiri, anauliza kama gari lipo kabla hajauliza kama nimeamka. Ukikataa unaringa, kwani mwanamke asiye na mume wala mtoto ana haraka ya kwenda wapi? Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, tena kutoka kwa watu waliokaa juu ya magodoro yao nyuma ya gari langu.

Kisha ikaja ile mvua iliyonilowanishia trei thelathini na moja asubuhi moja. Trei za makaratasi zikalegea kama mkate uliochovywa kwenye chai, na mayai mia tisa na thelathini yakaishia barazani kwa muuza duka. Wiki hiyohiyo nikafunga kava gumu, lile la kufunika nyuma yote kama kibanda chenye vioo.

Kuishi nalo kuna taabu zake. Mlango wake unainuliwa juu, na mkono wa chuma unaoushikilia umechoka, kwa hiyo naukingia mti wa ufagio. Nikisahau, unaniangukia, nina makovu mawili utosini. Nikirudi nyuma sioni kitu. Jua likipanda, ndani panakuwa tanuri, lazima niwe nimemaliza kugawa kabla ya saa nne. Kona ya kushoto inavuja, nimeitia gundi mara tatu. Lakini kati ya trei mia na themanini siku hizi hayavunjiki mayai zaidi ya matatu. Na simu zilinyamaza. Kitanda hakiingii, mtu hawezi kusimama nyuma akaimba. Waliouliza kama kava haliwezi kutolewa niliwajibu kwamba fundi amelichomelea. Mama alicheka, akasema gari langu limevaa kofia, siku hizi halisalimii watu.

Ndipo Mama akateleza mara ya kwanza kwenye zile ngazi tatu za uani. Ulipiga simu siku ileile, ukasema aje akae kwako, chumba kipo na hakina ngazi. Akakubali kwa sharti moja tu, kabati. Unalijua. Baba alilitengenezea ndani ya chumba cha Mama mwaka uliozaliwa wewe, bila msumari hata mmoja, vigingi vya mti na gundi, halifunguliki. Akasema atahama siku kabati litakapotangulia, na halibebwi na vibarua wasiojua limetoka mikononi mwa nani.

Nililipima mbele yake. Mlango wa kava, sentimita mia moja na ishirini na nane. Kabati, kwa upande wowote utakaolilaza, halipungui mia moja arobaini na sita. Sentimita kumi na nane zilikosekana, nikakupa hesabu hiyo kwenye simu. Ukaniuliza kama kava haliwezi kutolewa. Nikakuambia limechomelewa, tumsubiri fundi wa kulikata, amesafiri. Siku ya nne ukasema basi utakodi lori. Nikakujibu kwamba Mama hataki kabati lirushwerushwe, usubiri wiki mbili. Wiki mbili zilipokwisha nikasema fundi anaumwa. Baadaye nikasema sijui nini tena, na wewe, kwa kuwa hujawahi kunidhania uongo, ukasubiri.

Siku ya hamsini, Alhamisi, jirani mshonaji alimkuta chini ya zile ngazi, beseni la nguo limempindukia. Jumamosi tukawa hatuna mama.

Msibani ulisimama mbele ya watu wote ukasema, "Kosa ni langu. Ningekodi lori siku ileile, mama yetu angekuwa hai." Mimi nilikuwa nimekaa karibu na miguu yako, nikihesabu mistari ya mkeka. Nilifika mistari sitini na nne na sikufungua mdomo. Sasa wifi ananiambia miezi miwili imepita na bado unayasema hayo mezani, watoto wanasikiliza, na chakula huli.

Kaka, kava halikuchomelewa. Linashikwa na nati sita, spana namba kumi na tatu, na ziko kwa ndani ndiyo maana hukuziona. Jumapili iliyopita tulilitoa mimi, mshonaji na mumewe. Dakika ishirini na mbili, na katika hizo mshonaji alipumzika mara mbili.

Ukoo niliudanganya kwa kuchoka, na kwa hilo sitaomba radhi kwa mtu. Lakini wewe hujawahi kunituma hata gunia. Wewe nilikudanganya kwa sababu nyingine. Miaka kumi na mmoja, kila Jumanne na kila Ijumaa, nilikuwa kwa Mama. Nilimkata kucha, nilimchotea maji, nilijua dawa ipi inamkera tumbo. Wewe ulikuja mara mbili kwa mwaka, naye alisugua glasi siku tatu kabla. Ulipomwambia aje, alikubali hujamaliza sentensi. Nina vyumba viwili visivyo na ngazi, na hakuuliza. Nikaona kabati likichelewa vya kutosha atachoka, aniambie, "Basi nipeleke kwako, binti yangu." Hilo ndilo neno nililokuwa nalingoja siku zote zile.

Naye alilisema. Jumanne ile ya mwisho alikuwa akilipangusa vumbi, mgongo amenipa, akaniuliza, "Kwako kuna ukuta wa kulitosha?"

Ukuta upo. Nilikwisha kuupima, unabakiza sentimita tisini. Lakini nilitaka anibembeleze kidogo, kama nilivyombembeleza mimi miaka yote. Nikamjibu kwamba kwa kaka kuna nafasi zaidi. Akasema haya, akaendelea kupangusa. Nami nikaondoka kuwahi mayai.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Kabati lipo nyuma ya pikapu, limefungwa kwa mablanketi mawili, nitalileta siku utakayosema. Kama hutaki kuniona, nitalishusha langoni na kugeuza. Ila jambo moja nakuomba, tena nakuomba nikiwa nimepiga magoti huku niliko. Usiseme tena mbele ya watoto kwamba ulichelewa. Ulitaja lori siku ya nne. Aliyekuchelewesha ni shangazi yao, na wakiuliza, waambie.

Nisalimie wifi, mwambie goti asilikalie baridi. Wabusu wanangu, kama bado utaniruhusu kuwaita hivyo. Mungu akupe usingizi.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Mayai