Siku Gachanja Alipofungua Mlango

Buruburu, Awamu ya Tatu,
Nairobi.
Jumamosi, 14 Juni 2025.

Mpendwa Shangazi Roseline,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mtoto wa kaka yako. U hali gani huko Kanada? Goti limepoa, au bado unalibembeleza kila asubuhi? Sisi huku tu wazima. Baridi ya Juni imeingia, na Baba anavaa sweta mbili na kukana kwamba anasikia baridi.

Uliniuliza kwenye simu kama kazi yetu ya uuguzi wa akili imebadilika tangu ustaafu. Imebadilika sana. Enzi zako mgonjwa aliletwa wodini, na wewe ulikuwa na funguo kiunoni. Siku hizi wengi wanatibiwa wakiishi nyumbani kwao, na sisi ndio tunaopanda ngazi kuwafuata. Miguu yangu imekuwa kama ya mwanariadha!

Shida ni kwamba tumebaki wauguzi wawili tu kliniki, mimi na Ndirangu, na siku ya Alhamisi wagonjwa hufika sitini. Vijana tunaowafundisha kazi wanapata barua za kazi za ng'ambo na kutuaga kwa keki. Siwalaumu, lakini keki nimezichoka.

Sasa nikueleze habari ya Gachanja, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Gachanja ni fundi wa nguo anayeishi mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita. Ana miaka thelathini na minne, na amekuwa mgonjwa wetu miaka mitatu. Akiugua, husikia sauti na kuamini kwamba watu wanaopita kwenye ngazi wanakuja kumkamata. Mwezi Machi aliacha kuja kliniki. Nikampigia simu, haikupatikana. Kisha Nzau, msimamizi wa lile jengo, akanipigia yeye.

"Sista, mtu wenu amejifungia siku ya pili leo. Majirani wanaogopa, na ana mikasi humo ndani. Mkichelewa, naita polisi wavunje mlango."

Nilimwomba anisubiri. Nilipofika, nilikuta watu kama ishirini wamejaa kwenye ngazi, wengine wamebeba mitungi ya maji, wengine wanagonga mlango na kupiga kelele. Kijana mmoja alisema, "Huyo msee ameshikwa na wazimu, mtoeni tu!" Nilijua polisi wakiuvunja ule mlango, Gachanja atapigana, na huenda mtu akaumia.

Nikamwambia Nzau, "Nipe saa moja. Lakini hawa wote washuke, hata wewe."

Alinung'unika, ila aliwashusha. Nikapindua ndoo, nikaketi kando ya mlango.

"Gachanja, ni Sista Clare wa kliniki. Niko peke yangu."

"Uongo. Nilisikia miguu."

"Ulisikia kweli. Walikuwa wengi. Nimewaomba washuke."

Halafu akauliza, "Umeleta sindano?"

"Sikuleta. Nimekuja kukusikiliza."

Tulikaa hivyo muda mrefu, mimi nje, yeye ndani. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Dawa zenu zimeninyang'anya mikono. Inatetemeka. Siwezi kutia uzi kwenye sindano. Wateja wamenikimbia. Mimi nikiacha kushona, ni nani?"

Shangazi, niliona haya. Kwenye faili lake nilikuwa nimeandika mara mbili, kwa mkono wangu, "Anakataa dawa." Foleni ilikuwa ndefu, nikaandika hivyo na kumwita mwingine. Sikumuuliza hata siku moja kwa nini.

Nikamwambia, "Kosa ni langu. Nilipaswa kukuuliza. Nisamehe. Hiyo mikono ina tiba yake, na daktari anaweza kubadilisha dawa. Twende pamoja?"

Nikasikia kitu kizito kikikokotwa sakafuni. Kumbe alikuwa ameuzuia mlango kwa cherehani yake. Alifungua. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa usoni, na unajua neno lake la kwanza? "Sista, umekunywa chai?" Hakuwa na gesi wala sukari! Jirani mmoja, Mama Tiffany, alituletea chupa ya chai na mandazi, tukala pale pale mlangoni.

Aliteremka ngazi mwenyewe, bila pingu, bila kushikwa. Watu walimpisha. Alikubali kulazwa siku tisa, na daktari akambadilishia dawa. Haikuwa rahisi. Wiki za kwanza alilala mno, na mara moja alitaka kuacha tena, lakini safari hii alinipigia simu kabla ya kuacha. Mwezi Mei mikono ilitulia. Sasa anashona sare za wanakwaya, na Nzau mwenyewe amempelekea suruali mbili.

Kliniki nimebadilisha jambo moja. Kabla ya kuandika chochote, namuuliza kila mgonjwa dawa inamfanyia mema gani na mabaya gani. Foleni inakwenda polepole na Ndirangu alilalamika wiki nzima. Siku hizi naye anauliza, tena anauliza zaidi yangu.

Alhamisi iliyopita Gachanja alifika mapema ingawa hakuwa na miadi. Akaketi kwenye benchi karibu na binti mmoja mgeni aliyekuwa analia, wakaongea hadi binti akacheka. Mtu akamuuliza kama yeye ni mfanyakazi wa pale. Akajibu, "Hapana, mimi ni fundi wa nguo. Hapa nina marafiki tu." Niliingia stoo nikafuta macho, nikarudi kazini.

Nina swali kwako. Katika miaka yako yote, uliwahi kumwomba mgonjwa msamaha? Sisi chuoni hatukufundishwa, na sijui kwa nini.

Nisalimie mwanao, kaka Job, na mkewe Shiru, na wajukuu wote. Baba na mdogo wangu Okinyi wanakusalimu, na Okinyi anasema usisahau picha za theluji. Mungu akutunze, akulainishie goti hilo, na atukutanishe tukiwa na nguvu za kucheka.

Ni mimi mwanao nisiyechoka kukupenda,

Clare Adhiambo