Pua Yangu na Mpango wa Mazulia

Jumanne, 6 Machi

Mara ya tatu hii! Watengenezaji wa mazulia wamepeleka tena serikalini mpango wao wa kukusanya mazulia yaliyochakaa ili yawe malighafi. Mara mbili idara ya jimbo imewarudishia – hautoshi, andikeni upya. Ukikataliwa tena, fedha za kazi yetu zinakatika na bosi wetu Vern anafunga ghala. Katuambia waziwazi, sote kumi na wanne. Miaka kumi na moja nachambua mazulia hapa Stockton. Sirudi kiwanda cha nyanya mimi!

Jumatano, 14 Machi

Umepita! UMEPITA! Vern kasoma simu yake, kapanda juu ya marobota, kacheza – mzee wa miaka sitini na goti bovu! Tumekumbatiana na vumbi letu lote. Mvumilivu hula mbivu, ndiyo leo.

Nyumbani Rogelio kanicheka. Eti, "Mke wangu, serikali imebariki takataka, nawe unalia?" Nikamwambia takataka hiyo ndiyo inayomnunulia bia. Kachukua tamale la pili, andazi letu la mahindi na nyama.

Alhamisi, 15 Machi

Kumbe kuna sharti. Kila ghala lipimwe: vipande kumi visivyo na alama, mchambuzi aseme kipi nailoni, kipi poliesta. Kukosa kimoja tu, ghala halimo kwenye mpango. Vern kanichagua mimi. Mimi!

Anataka nitumie kipimo, ile mashine kama bastola inayotambua aina ya uzi. Nikamwambia bosi, mimi nachoma uzi, nanusa. Nailoni hunuka seleri, ile mboga ya supu; poliesta hunuka utamu-utamu.

"Delfina, utawaonyesha wakaguzi mtu anayenusa mazulia?"

Tumecheka mpaka machozi. Naogopa, ndiyo, lakini nina furaha kuliko woga.

Jumatatu, 19 Machi

Mkaguzi kafika saa tatu asubuhi. Bi. Lindqvist, mpole, hatabasamu. Kasema kipimo sawa, kiberiti sawa, anachotaka ni jibu.

Cha kwanza mpaka cha sita, mimi na mashine kauli moja. Cha saba – mashine ikasema poliesta. Nikachoma uzi. Seleri! Nikachoma mwingine. Seleri tupu, kama supu ya mama.

Vern kaninong'oneza, "Fuata mashine, nakuomba. Watu kumi na wanne, Delfina!"

Nikaandika nailoni. Vitatu vya mwisho havikunisumbua.

Sasa naandika nimekaa juu ya robota, wenzangu wote wamesimamisha kazi. Bi. Lindqvist yuko ofisini na Vern, kafungua bahasha ya majibu. Namwona kupitia kioo. Anashuka na kalamu kwenye orodha taratibu – kalamu imesimama. Kaikunja karatasi yake, kaikunjua. Anamwonyesha Vern, Vern kashika kichwa.

Anakuja huku! Ana kipande cha saba mkononi. Hasemi nimepata, hasemi nimekosa.

Ananiomba kiberiti, anuse mwenyewe.